Sabuni Iliyoingia Kiuno

Sabuni ninayoogea imeingia kiuno. Zamani kipande chake kilikuwa kama tofali, pembe zimenyooka. Siku hizi ubavu wa huku na ubavu wa kule umebonyea ndani, na karatasi yake inajisifu kwamba umbo jipya linashikika vizuri mkononi. Linashikika kweli. Bei haijaguswa. Ni niliposoma maandishi madogo ya nyuma ndipo nikaona gramu 200 zimekuwa 175.

Haya, sabuni imepanda bei au haijapanda? Mwenye duka ataapa kwamba haijapanda, na hasemi uongo. Lakini gawanya 200 kwa 175 utaona kwamba kila gramu ninayoipaka mwilini inanigharimu asilimia 14 na ushee zaidi ya zamani. Wote wawili tuna haki, na tunazungumzia kipande kimoja.

Swali hilo la kitoto ndilo lililonifanya nianze kusoma miongozo ya wataalamu wa takwimu, usiku, kwa hiari yangu, jambo ambalo nyumbani halijaeleweka hadi leo. Kabla ya hapo nilikuwa kama wengi: nasikia tangazo la kila mwezi kwamba mfumuko wa bei ni asilimia kadhaa, naguna, naendelea na yangu. Nilidhani ugumu wa kazi hiyo uko kwenye hesabu. Kumbe hesabu yenyewe mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Kinachowatoa jasho ni kuamua kama kitu walichokikuta leo ndicho kile kile walichokikuta mwezi uliopita.

Wazo la kupima bei kwa kikapu, yaani orodha ya vitu ambavyo bei zake hufuatiliwa kwa pamoja, ni la siku nyingi. Mwaka 1780, vita vya Marekani vya kudai uhuru vikiwa vinaendelea, jimbo la Massachusetts lilikuwa na askari wanaodai ujira wao na pesa za karatasi zinazoyeyuka thamani mkononi. Likawapa hati za deni, na kwenye hati ikaandikwa kwamba malipo yatapanda na kushuka kufuatana na bei ya vitu vinne: kiasi maalumu cha mahindi, cha nyama ya ng'ombe, cha sufu ya kondoo na cha ngozi ya soli. Nyama ilikuwa ratili 68 na sehemu nne za saba za ratili. Naipenda hiyo sehemu nne za saba. Mtu alikaa chini akapiga hesabu mpaka mwisho, akakataa kukadiria. Ila sijui kama alijiuliza lile lililonikwaza mimi na sabuni yangu. Mahindi ni mahindi, sawa, lakini ngozi ya soli kuna ya miaka miwili na kuna ya miezi miwili.

Vikapu vya leo vina mamia ya bidhaa na huduma, na havitungwi mezani. Ofisi ya takwimu huteua kaya kwa sampuli, kila kaya ikapewa shajara ya kuandika kila kinachotoka mfukoni, mara nyingi kwa wiki mbili, kisha ikaulizwa maswali ya kukumbuka vitu vikubwa vinavyonunuliwa mara moja kwa miaka. Watu huandika kwa uaminifu mpaka wafike kwenye pombe na sigara. Hapo kalamu huishiwa wino. Ukijumlisha shajara zote unaweza kudhani nchi nzima imeokoka, ila kodi iliyokusanywa viwandani inasema mengine, kwa hiyo ofisi nyingi husahihisha kifungu hicho kimyakimya kwa takwimu za mauzo.

Kutoka kwenye shajara hizo hupatikana mizania, yaani sehemu ya kila kundi katika jumla ya matumizi: chakula kiasi hiki, usafiri kiasi hiki, mavazi kiasi hiki. Makundi yenyewe hufuata mpangilio wa Umoja wa Mataifa, ambao katika toleo la 1999 uliyagawa matumizi ya kaya mafungu 12 na katika toleo la 2018 ukayafanya 13. Mpangilio huo umetenga nafasi hata kwa dawa za kulevya, ingawa nchi nyingi huiacha wazi, maana nani atatumwa kwenda kuuliza bei.

Vilivyoachwa nje vinafundisha kuliko vilivyomo. Kodi ya mapato haimo. Akiba haimo, wala hisa. Kununua nyumba huhesabiwa kuwa ni kuweka rasilimali, hivyo nyumba yenyewe haimo, lakini kuishi ndani yake ni matumizi, na hapo ndipo nchi zinapoachana njia. Marekani tangu 1983 humhesabia mwenye nyumba kodi ambayo angelipa kama angekuwa mpangaji wa nyumba yake mwenyewe. Fahirisi ya pamoja ya nchi za Umoja wa Ulaya, yaani namba inayofuatilia bei za kikapu chao, huiacha gharama hiyo nje kabisa. Kwa hiyo mtu anapoweka asilimia ya Marekani kando ya asilimia ya Ulaya na kusema huku kuna nafuu, analinganisha vikapu viwili ambavyo kimoja kina paa na kingine hakina.

Lakini mizania ina siri nyingine, na hii ndiyo iliyonifanya nisilale. Chukua kaya mbili tu, ziwe ndizo nchi nzima. Ya kwanza inatumia 100 kwa mwezi, na nusu yake, 50, inaishia kwenye chakula. Ya pili inatumia 900, na chakula chake ni 90. Ofisi inajumlisha: chakula 140 katika matumizi ya 1,000, basi mizania ya chakula ni asilimia 14. Sasa tuseme chakula kimepanda kwa asilimia 20 na vingine vyote vimetulia. Fahirisi itatangaza mfumuko wa asilimia 2.8. Kaya ya pili imeumia kwa asilimia 2, itaona tangazo halikukosea sana. Kaya ya kwanza imeumia kwa asilimia 10, na ikisikia 2.8 itazima redio.

Hakuna aliyechezea namba hapo. Katika kikapu hiki kura hupigwa kwa fedha, wala hazipigwi kwa vichwa, na mwenye 900 ana kura tisa dhidi ya moja. Mchumi S. J. Prais alilieleza jambo hili mwaka 1959. Fahirisi ya namna hii aliiita ya kiplutokrasi, yaani ya utawala wa wenye mali, akaitofautisha na ya kidemokrasia, ambamo kila kaya ina kura moja bila kujali uzito wa pochi. Katika mfano wetu mizania ya kidemokrasia ya chakula ingekuwa wastani wa asilimia 50 na 10, yaani 30, na mfumuko ungetangazwa kuwa asilimia 6. Zaidi ya mara mbili ya ule wa kwanza, bei zile zile, siku ile ile.

Karibu ofisi zote duniani hutumia ile ya wenye mali, na zina sababu. Benki kuu inataka kujua jumla ya fedha zinazozunguka zimepoteza nguvu kiasi gani, na wanaokokotoa pato la taifa wanataka hivyo hivyo. Tena ile ya kidemokrasia inadai ujue matumizi ya kila kaya kwa undani, na sampuli ndogo haziwezi. Sina ugomvi na kuitumia. Ugomvi wangu ni na msoma taarifa anayeitangaza kana kwamba ndiyo gharama ya maisha ya mtu anayemsikiliza. Kaya ambayo kikapu chake ni kile kile cha taifa sijawahi kukutana nayo, na sidhani kama ipo.

Rafiki yangu mmoja hukusanya bei, ndiyo ajira yake. Kwa miaka nilidhani anakwenda dukani na orodha iliyoandikwa "viatu, sabuni, nauli". Alicheka nilipomwambia hivyo. Kwenye dodoso lake haliko neno viatu. Kuna kiatu cha kiume, cheusi, cha ngozi, cha kufunga kwa kamba, soli ya mpira, cha mtengenezaji fulani, namba fulani, katika duka fulani. Mwezi unaofuata anarudi duka lile lile, siku zile zile za mwezi, anatafuta kiatu kile kile. Anaandika bei ambayo mnunuzi angelipa kweli, pamoja na kodi. Punguzo la kila mtu huliandika, punguzo la wenye undugu na mwenye duka haliandiki. Mahali ambapo bei ni ya kupatana itabidi apatane kama mnunuzi, na anakiri kwamba baadhi ya wauzaji wamekwisha kumzoea, wanampa bei kabla hajafungua mdomo, na hajui tena kama ndiyo bei au ni heshima.

Nilimuuliza maduka yake ni yapi. Alibadilisha mazungumzo. Ni siri, na nikadhani ni ile siri ya kiofisi tu ya kujikweza. Baadaye nilielewa, na nitalifikia.

Huduma humsumbua kuliko bidhaa. Chukua kinyozi. Mkono ule ule, kiti kile kile, bei ile ile. Lakini mwaka jana nilikuwa naingia na kukaa, na mwaka huu nasubiri saa nzima kwa sababu ameondoa msaidizi. Saa yangu ni gharama, na hakuna safu ya kuiandika. Kwa fahirisi, kinyozi wangu ametulia.

Kuna siku kitu hakipo. Hapa nilijifunza kosa ambalo nafikiri ningelifanya mimi mwenyewe bila kusita. Kiatu hakipo mwezi huu, si uandike tu bei ya mwezi uliopita? Miongozo ya kimataifa inaonya dhidi ya tabia hiyo. Ukibeba bei ya zamani, umetangaza kwamba haikubadilika, na hujui. Bei zingine zikiwa zinapanda, utakuwa unaivuta fahirisi chini mwezi baada ya mwezi, kisha siku kiatu kikirudi na bei mpya fahirisi inaruka kama imechomwa. Badala yake bei iliyokosekana hukadiriwa kwa mwendo wa jamaa zake. Viatu vingine vya kiume vimepanda kwa asilimia 3, basi na hiki kinapewa 3.

Mwaka 2020 ukadirio huo ulibeba mzigo ambao haukutengenezewa. Ndege chini, hoteli zimefungwa, wakusanya bei nyumbani na simu. Ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya iliwaelekeza wanachama wake waendelee na mizania ya mwaka huo bila kuibadilisha na wakadirie bei zisizopatikana. Kwa hiyo kikapu kikabaki na tiketi za ndege zilizokadiriwa bei, huku binadamu halisi wakinunua chakula cha kupika nyumbani na vitakasa mikono. Kikapu kilikuwa kile kile. Watu ndio waliobadilika. Sisemi walikosea, kwani kubadili mizania kila mwezi kufuata hofu ya watu kungezaa fahirisi isiyosomeka. Ila kwa miezi ile namba ilipima maisha ambayo hakuna aliyekuwa akiyaishi.

Na bei isiyochukuliwa kwa wakati imepotea. Oktoba 2025 shughuli za serikali ya shirikisho la Marekani zilifungwa kwa kukosa bajeti, wakusanya bei hawakutoka, na fahirisi ya jumla ya mwezi huo haikutolewa kamwe. Bei ya Oktoba haikusanywi Novemba, na serikali tajiri kuliko zote haikuweza kununua mwezi uliopita.

Nimeacha kwa makusudi lile lililo gumu zaidi: kitu kinapotoweka moja kwa moja na mahali pake pakaja kingine. Ndipo sabuni yangu inapoingia, na ajabu ni kwamba sabuni ndiyo kesi rahisi. Mwongozo unasema gawanya bei kwa gramu, kwisha kazi. Kupungua kwa uzito ni kupanda kwa bei, na ofisi makini hulinasa hilo bila kelele. Mimi niliyedhani nimegundua njama niliaibika kidogo kusoma kwamba wenzangu wana kifungu chake tayari.

Simu ndiyo balaa. Aina ya mwaka jana haiuzwi tena. Ya mwaka huu bei yake iko juu kwa moja ya kumi, lakini kamera yake ni bora, chaji inadumu, na kumbukumbu ni maradufu. Ukisema imepanda kwa asilimia 10 umepuuza ubora. Ukisema ni kitu kingine kabisa na hakina historia, umefuta upandaji wote kwa kalamu moja. Kama simu zote mbili ziliwahi kuuzwa pamoja kwa mwezi mmoja, pengo la bei zao mwezi huo huchukuliwa kuwa ndiyo thamani ya ubora, na linaondolewa. Kama hazikuwahi kukutana, hukusanywa bei za mamia ya simu pamoja na sifa zake, na kwa hesabu ya takwimu hukadiriwa kila sifa inachangia kiasi gani katika bei. Matokeo yake huweza kuwa kwamba simu "imeshuka bei" wakati wewe umetoa fedha nyingi zaidi kaunta. Watu wakisikia hili hukasirika, na mimi nilikasirika. Siwezi kununua robo tatu ya simu mpya ili nilipe bei ya zamani. Ila nilipojaribu kufikiri kanuni mbadala iliyo ya haki zaidi, sikuipata.

Kosa huenda upande wa pili pia. Mwaka 1996 tume iliyoongozwa na mchumi Michael Boskin iliripoti kwamba fahirisi ya Marekani ilikuwa inazidisha kupanda kwa gharama za maisha kwa pointi 1.1 za asilimia kila mwaka, na zaidi ya nusu ya ziada hiyo ilitokana na ubora na bidhaa mpya zisizohesabiwa vizuri. Simu za mkononi zilianza kuuzwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwenye kikapu ziliingia 1998. Kipindi chote zilipokuwa zikishuka bei kutoka anasa ya matajiri hadi kitu cha kila mtu, fahirisi haikuziona. Pointi 1.1 si mchezo, maana pensheni hupandishwa kwa kufuata fahirisi hiyo, na ukiipunguza kidogo tu unapunguza mkate wa wazee. Ndiyo sababu ripoti ile ya kitaalamu iligombaniwa kama sheria ya uchaguzi.

Hata kutafuta wastani kuna mtego. Duka moja limepandisha bei kutoka 10 hadi 20. La pili limeshusha kutoka 20 hadi 10. Ukitazama hakuna kilichobadilika ila maduka yamebadilishana vibao. Lakini chukua mwendo wa kila duka: la kwanza ni mara 2, la pili ni nusu. Wastani wa 2 na 0.5 ni 1.25. Umetangaza mfumuko wa asilimia 25 kutoka hewani. Kanuni hiyo ni ya Mwitaliano Carli, ya mwaka 1764. Jevons wa Uingereza, karne moja baadaye, alizidisha badala ya kujumlisha: 2 mara 0.5 ni 1, kipeuo chake cha pili ni 1, hakuna kilichopanda. Uingereza ilikuwa na fahirisi kongwe iliyotumia kanuni ya Carli kwa baadhi ya bidhaa, na mwaka 2013 ikavuliwa hadhi ya kuwa takwimu rasmi ya taifa. Haikufutwa, kwa sababu kuna hatifungani za serikali zilizofungwa nayo, na wenye hatifungani hawapendi Jevons.

Sasa ile siri ya maduka. Mwaka 1941 serikali ya Uingereza, ikiwa vitani, iliahidi kuishikilia fahirisi ya gharama za maisha isizidi asilimia 25 hadi 30 juu ya kiwango cha kabla ya vita. Iliishikilia kwa ruzuku, bila kughushi tarakimu hata moja. Kikapu kilichotumika kilitegemea matumizi ya familia za wafanyakazi ya mwaka 1904, na kila mtu aliyehusika alijua ndani yake mna nini. Ukijua kilichomo unajua pa kumwaga ruzuku, na vilivyo nje ya kikapu unaviacha vikapanda vinavyotaka. Kikapu hicho cha 1904 kiliendelea kupima maisha ya watu hadi 1947.

Argentina walikwenda mbali zaidi. Mapema 2007 serikali iliingilia ofisi ya takwimu, INDEC, na aliyekuwa akisimamia fahirisi akaondolewa. Kwa miaka kadhaa tangazo rasmi lilikaa karibu na asilimia 8 kwa mwaka, huku Alberto Cavallo, mchumi aliyekuwa akikusanya bei za maduka makubwa kupitia mitandao yao, akipata kama 20. Waliotoa makadirio yao binafsi walipigwa faini, mpaka mwaka 2011 wabunge wa upinzani wakaanza kuyatangaza wao, kwa kuwa wana kinga. Mwaka 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa likailaumu rasmi nchi hiyo kwa ubovu wa takwimu, jambo ambalo halijawahi kufanyiwa nchi nyingine kabla yake. Nikilikumbuka hili, ukimya wa rafiki yangu kuhusu maduka yake siuoni tena kama kujikweza: anayejua maduka anajua pa kuichezea namba.

Niseme moja kwa haraka, kwa sababu hurudi kila mwezi kwenye mazungumzo. Fahirisi ikitoka 100 hadi 120 mwaka wa kwanza, kisha 126 mwaka wa pili, mfumuko umeshuka kutoka asilimia 20 hadi 5. Bei hazikushuka hata kidogo. Gari limepunguza mwendo tu, halijarudi nyuma. Nusu ya "uongo" tunaowashutumu nao watu wa takwimu ni neno "umeshuka" lililopachikwa vibaya kwenye kichwa cha habari.

Mwaka mmoja nilijaribu kutengeneza fahirisi yangu mwenyewe. Nilinunua daftari, nikaandika kila nilichotumia, nikachagua vitu 40, nikavifuatilia. Mwezi wa tatu nilikuwa nimekwama. Nauli ilikuwa ya njia niliyoacha kupita. Shati nililoliorodhesha halikuonekana tena popote. Dawa ya meno ilikuwa imehamia kwenye chupa ya kubinya. Kati ya vitu 40, kufikia mwisho wa mwaka 23 ndivyo nilivyoweza kuapa kwamba ni vile vile, na kwa vitu hivyo 23 mfumuko wangu ulitoka karibu sana na ule wa tangazo. Nilisikia vibaya. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Kisha nikafungua kurasa za vile 17 vilivyobaki, na humo ndimo fedha yangu ilimokwenda.

Nilimpelekea rafiki yangu lile daftari pamoja na kipande cha sabuni, kwa utani. Alikigeuza, akasoma gramu, akanihakikishia kwamba kwao kimesahihishwa siku nyingi. Nikamwambia hilo nalijua, nimesoma. Kilichonileta ni kingine. Toleo la mwezi huu lina gramu 175 kama la mwezi uliopita, karatasi ile ile, kiuno kile kile, bei ile ile, lakini povu limepungua. Nasugua mara mbili.

Alinyamaza kidogo. Akatoa kalamu, akapekua dodoso lake ukurasa wa kwanza, wa pili, akalifunga.

"Povu, ndugu yangu, halina safu."